Chui wa siku ya tatu, fisi wa dimbwini: kisa cha kuchuja picha 41

Majina, jina la loji na baadhi ya tarehe nimeviondoa. Mhusika mwenyewe aliyasoma maandishi haya kabla hayajatoka. Alifuta sentensi mbili, nyingine zote akaziruhusu, hata zile zinazomchekesha.

## Usuli

Nina duka la kuchapisha picha na kutengeneza fremu mjini Arusha. Kazi hii nilianza enzi za kusafisha filamu, roli moja picha 36, ukikosea umekula hasara. Mimi si mpigapicha wa wanyamapori. Simba nimewaona mara nyingi zaidi kwenye karatasi kuliko porini. Katika kisa hiki huo ndio uliokuwa mtaji wangu, na kuna mahali ndio ulioniangusha.

Mhusika ni dereva wa watalii, basi nimwite Dereva. Ana zaidi ya miaka 10 akizunguka Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Kamera aliinunua ya mtumba, ya pikseli milioni 24. Lenzi ya milimita 100 hadi 400 aliachiwa na mgeni mmoja kwa bei ya kutupa. Kwa miaka mitatu alikuwa akipiga picha pale wageni wanapokula au wanapolala usingizi wa mchana, na likizo zake mbili alizimalizia porini kwa gharama zake mwenyewe.

Ikatokea meneja wa loji moja, aliyezoea kumwona na kamera, akamwambia anataka picha 12 za kupamba ukumbi wa chakula na korido. Zichapishwe kwenye kanvasi, sentimita 60 kwa 40, ziwe mezani kwake kabla ya mwisho wa Mei. Hakutaka picha za kununua mtandaoni. Alitaka za mtu anayelijua eneo.

Mwanzoni mwa Aprili, masika yameshaanza na wageni wamepungua, Dereva akaingia dukani na flashi mfukoni. Kwenye kompyuta yake nyumbani kulikuwa na picha kama 6,400. Alikuwa amezipunguza mwenyewe hadi 41, na hapo akakwama.

"Shikamoo mzee. Zote hizi 41 ni za mwisho. Nisaidie tu kupunguza."

## Siku ya kwanza: chai iliyopoa

Tuliagiza chai, tukafungua picha moja moja. Kosa la kwanza la siku hiyo lilikuwa langu, maana nilimwacha aeleze.

Picha ya kwanza, duma juu ya kichuguu, aliipitia kwa maneno manne: "Huyu duma, Ndutu, Februari." Ilikuwa picha nzuri, imetulia, macho yako wazi, nyuma hakuna fujo. Picha ya tisa ilikuwa chui. Hapo akavuta kiti mbele.

Chui huyo, jike na mtoto wake, alimsubiri siku tatu kando ya mto Seronera. Alikuwa likizo, ameazima gari la rafiki, amelipa viingilio mwenyewe, anakula mkate na mayai ya kuchemsha. Siku ya kwanza aliona mkia tu. Siku ya pili mvua. Siku ya tatu, saa 12:20 jioni, jike akapanda kwenye mgunga, mtoto akamfuata, akatoa kichwa kati ya matawi, akatazama garini. Akapiga. Dakika moja baadaye hawakuwepo tena. Alieleza yote haya kwa mikono miwili, na alipomaliza chai yangu ilikuwa imepoa na kufanya utando juu.

Nikaikuza picha hadi ukubwa wake halisi. Jicho moja la mtoto limefichwa na tawi. Hilo jingine lina ukungu, kwa sababu fokasi ilishika gome la mti, na gome limetoka vizuri hadi nyufa zake unaweza kuzihesabu. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kuingiza mwanga, ilikuwa 1/60 ya sekunde kwenye lenzi iliyovutwa hadi milimita 400. Kwa lenzi ndefu hivyo, isipokuwa na kitulizi cha kuzuia mtikisiko, mpigapicha huanzia angalau 1/400, la sivyo hata mapigo ya moyo yanaitikisa. Zaidi ya hapo, chui walikuwa mbali, kwa hiyo alikuwa ameikata picha sana: kutoka pikseli 6,000 kwa upana zilibaki 2,100. Ukiitandaza hiyo kwenye sentimita 60 unapata nukta kama 89 kwa inchi, na kanvasi hainywi uwongo kiasi hicho. Picha nzima isiyokatwa ingefika 254.

Sikumwambia kitu siku hiyo. Ila niliandika pembeni ya daftari jambo nililoanza kuliona tangu picha ya tano: kadiri picha ilivyokuwa dhaifu, ndivyo maelezo yake yalivyokuwa marefu.

## Kura za simuni

Kabla sijapanga la kufanya, Dereva alikuwa ameshafanya lake. Usiku uleule aliweka picha 10 kwenye kundi la WhatsApp la madereva wenzake, kisha kwenye lile la ukoo, akaomba watu wachague. Asubuhi alikuja na matokeo kama msimamizi wa kituo cha kura. Chui ameongoza kote. Mioyo, vidole gumba, "kaka umeua", "hii peleka Ulaya".

Hizo kura hazikuwa za uongo. Zilipigwa na watu wasiofaa kupiga kura hii, kwa sababu mbili tofauti. Madereva wanajua chui na mtoto mtini ni bahati ya namna gani, wao waliipigia kura ile siku tatu na wala hawakuipigia picha. Ndugu walimpigia kura yeye. Na wote waliitazama kwenye kioo cha simu, chenye upana wa vidole vinne, ambapo ukungu wa jicho hauonekani na kila kitu kinang'aa. Mgeni wa loji atakuwa amekaa na sahani yake mita mbili kutoka kwenye kanvasi, hamjui Dereva wala ukoo wake, na chui mwingine amemwona mchana uleule kwa macho yake.

Nilimweleza hivyo. Akanijibu, "Mzee, unaniambia watu 60 wamekosea?" Sikuwa na jibu zuri. Nikamwomba kitu kimoja, anipe wiki tatu.

## Uamuzi wa kusubiri

Nilichomwomba ni kwamba zile picha 41 asizifungue kabisa hadi Aprili iishe. Asizitazame, asimwonyeshe mtu, asizihariri. Flashi ibaki dukani kwangu.

Wazo hili silo langu. Garry Winogrand, mpigapicha wa mitaani wa New York, alikuwa na desturi ya kuziacha filamu zake zikae mwaka au zaidi kabla ya kuzisafisha, ili hali aliyokuwa nayo siku ya kupiga iwe imekwisha kumtoka. Kama siku ile alifurahi, hakutaka furaha ile ndiyo imchagulie picha. Desturi hiyo ina upande wake wa pili pia: alipofariki mwaka 1984 aliacha roli karibu 2,500 ambazo hazijasafishwa. Sisi hatukuwa na mwaka. Tulikuwa na masika.

Dereva alilalamika. Alisema atasahau. Nikamwambia ndiyo dawa yenyewe.

Katika wiki hizo nilifanya mambo ambayo yeye hakuyajua, na hapa ndipo palipo na uamuzi ambao hadi leo sina uhakika kama nilikuwa na haki nao. Majina ya faili niliyafuta yote. Alikuwa ameyaita "CHUI SIKU YA TATU", "SIMBA ASUBUHI YA BARIDI", "TEMBO WA MGENI MJERUMANI", yaani hadithi ilikuwa inaanza kabla picha haijafunguka. Nikaweka namba. Kisha nikachapisha zote kwa saizi ya sentimita 10 kwa 15, karatasi ya kawaida, bila kung'arisha. Picha 12 kati yake nilizigeuza kama zinavyoonekana kwenye kioo, kulia kukawa kushoto, nikaziondoa rangi. Na humo ndani nikachanganya picha 10 za dereva mwingine, aliyenipa ruhusa, naye amepiga wanyama walewale mbuga zilezile.

## Meza ya fremu

Mapema Mei akarudi. Nilikuwa nimezimwaga zote 51 juu ya meza ya kukatia fremu. Nikamwambia kuna zake na kuna za watu, asihangaike kujua zipi ni za nani, aondoe zile ambazo asingelipia hata senti ukutani kwake.

Nilistaajabu kasi yake. Yule mtu aliyehitaji kikombe kizima cha chai kwa chui mmoja alikuwa anatupa karatasi kama mchezaji wa karata. Huyu twiga amekatwa miguu. Hawa simba wamelala tu, hata mgeni wa siku moja anayo hii. Hapa upeo umeinama, ziwa litamwagika. Kila neno lilikuwa sahihi. Jicho lake la mbugani ni kali kuliko langu, kosa la mkao wa mnyama analiona kabla mimi sijajua ni mnyama gani.

Akaokota moja ya tembo chini ya mbuyu.

"Huyu kapiga saa saba mchana. Tembo hana macho, ana mashimo. Toa."

Akaitupa kwenye lundo la kushoto, akaendelea na mbili nyingine, kisha mkono ukasimama hewani. Akairudia ile ya tembo, akaigeuza nyuma, akaona namba. Akaiinua kuelekea mlangoni, akaitazama kwa upande wa nyuma, mwanga ukipenya karatasi, na hapo tembo wakarudi upande aliowazoea. Ilikuwa yake. Ilikuwa ya Tarangire, ile ya mgeni Mjerumani, na siku ya kwanza aliiweka katika tano bora.

Alicheka, lakini kwanza alinyamaza. Kisha akasema, "Umenivizia, mzee." Na ni kweli nilimvizia.

Baada ya hapo aliendelea taratibu zaidi, ila ukali ulibaki. Za yule mwenzake zote 10 zilipitiwa, tatu akazisifu na kuuliza ni za nani. Zake zilibaki 19.

Chui alimtambua mara moja, bila shaka, hata bila rangi. Hakumtupa. Alimweka peke yake kwenye pembe ya meza, si kushoto wala kulia. Nilimuuliza angesema nini kama hiyo ingekuwa ya yule mwenzake. Akatazama muda. "Ningesema alichelewa sekunde mbili." Kisha, bila kuulizwa, akaniambia jambo ambalo katika ile hadithi ndefu ya siku ya kwanza hakuligusa. Jioni ile, akiwa bado anatetemeka na kamera mkononi, mke wake alipiga simu. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka. Binti yao wa kwanza amefaulu, anaendelea.

Nikaelewa kwa nini wale watu 60 na mimi tulikuwa tunabishana bure. Nilikuwa nimemwomba aondoe picha isiyo na fokasi. Yeye alisikia anaombwa aitupe ile simu.

Tulikubaliana kuwe na lundo la tatu. Kushoto zinazotoka, kulia zinazokwenda lojini, na pembeni zile ambazo ni zake. Hizo hazihukumiwi, na hazishindani na nyingine. Chui akaingia humo, na picha mbili nyingine. Baada ya kuwa na lundo hilo, kuchuja kulikobaki kulichukua chini ya nusu saa.

## Fisi

Tulihitaji 12 na tulikuwa na 11 tulizoziamini. Nikamwomba alete kompyuta yenyewe, tuangalie siku ambazo picha nzuri zilitoka, pengine zina ndugu zao waliosahaulika.

Katika folda ya siku moja ya Februari kulikuwa na picha nne za fisi. Mvua imenyesha, barabara ina dimbwi, fisi kajilaza ndani ya maji ya tope hadi shingoni kukwepa joto. Katika ya tatu amenyanyua uso kidogo. Masikio mawili ya duara, tone la maji limening'inia kwenye sharubu, mbingu yote ya baada ya mvua imelala juu ya dimbwi kumzunguka, na macho yametazama sawasawa ndani ya lenzi. Kasi 1/1000. Hata unyoya mmoja mmoja ulikuwa umetulia. Nilisogea nyuma kutoka kwenye kioo, kama mtu aliyekutwa anachungulia.

"Hii je?"

"Hiyo ni fisi, mzee."

"Naona."

"Fisi ukutani pa watu wanaokula?"

Nikamuuliza aliipataje. Hapo ndipo nilipopata somo langu kubwa zaidi la kisa hiki, kwa sababu hakuwa na hadithi. Mgeni mmoja alikuwa anatafuta koti nyuma ya gari, gari limesimama, dimbwi liko pale, kamera iko mapajani. Alipiga nne, mgeni akavaa koti, wakaondoka kufuata simba. Hakuwahi kuzifungua tena.

Kumbe kipimo chake kilikuwa taabu. Iliyomtoa jasho ina thamani, iliyokuja yenyewe haina. Na juu ya hapo kulikuwa na dharau tuliyokua nayo sote. Fisi kwetu ni mlafi, ni kipando cha wachawi, ni yule wa njia mbili zilizomshinda. Kinachochekesha ni kwamba Dereva huyuhuyu, kila wiki, huwaeleza wageni kwamba fisi anasingiziwa, kwamba utafiti wa Hans Kruuk kule Ngorongoro na Serengeti miaka ya 1960 ulionyesha fisi anawinda sehemu kubwa ya chakula chake mwenyewe, na mara nyingi simba ndiye anayempora. Anayasema kwa ufasaha. Nilimkumbusha. Akasema kueleza ni kazi, kutundika ni jambo jingine.

Hatukukubaliana. Tukamwita fundi wangu wa fremu, kijana ambaye mbugani hajawahi kukanyaga, tukamwekea picha sita kwenye kioo bila maneno. Kwa chui alisema, "Kuna kitu kwenye mti?" Kwa fisi alisimama, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Huyu ananiangalia mimi." Dereva akainua mikono. Fisi akaingia kama wa 12.

## Matokeo

Picha 12 zilikwenda kwa meneja wiki ya tatu ya Mei, kwanza kwa saizi ndogo ya karatasi ili achague kabla ya kuchapishwa kwenye kanvasi. Alichukua tisa. Tatu alizikataa kwa sababu ambayo hatukuwa tumeifikiria hata kidogo: zilikuwa na nyasi za kiangazi, rangi ya dhahabu, na kuta za ukumbi wake zimepakwa rangi iyo hiyo. Zingepotea. Hatukuwa tumeuliza ukuta una rangi gani.

Fisi alimpenda. Hakumweka ukumbini, alimweka korido ya kuelekea ukumbini, peke yake, mahali ambapo mgeni anakata kona na kukutana naye.

Kisha likatokea lililoniaibisha. Dereva alikuwa amebeba na bahasha ya zilizoachwa, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, sikumuuliza. Meneja akaipekua, akatoa moja. Nyumbu wanakimbia kupanda ukingo wa mto Mara, vumbi limewafunika, miguu imekuwa mistari, mgongo ni mawimbi, kichwa kimoja tu cha mbele kimetulia kiasi. Kasi 1/30, kamera imewafuata wanavyokimbia. Mimi ndiye niliyeitoa. Nyuma yake niliandika kwa kalamu nyekundu: "Haina fokasi." Meneja akasema hiyo ndiyo picha pekee kwenye bahasha zote mbili inayotoa sauti. Akaichukua ya 10, akataka ichapishwe kubwa kuliko nyingine.

Zilizobaki mbili Dereva alizipiga upya mwezi Juni, mibuyu, akijua sasa ukuta una rangi gani.

## Uchambuzi

Nianze na ya nyumbu, kwa kuwa ni kosa langu. Nilipomtoa Dereva kwenye mapenzi yake kwa picha, niliweka kitu kingine mahali pa mapenzi hayo, nacho ni kipimo. Fokasi, kasi ya shata, nukta kwa inchi. Vipimo hivyo vilinisaidia kwa chui, kwa hiyo nikaviamini kila mahali. Lakini ukungu wa chui ulitokana na kuchelewa, na ule wa nyumbu ulitokana na mwendo wao, ndio uliokuwa unasimulia. Mtu aliyekuwepo ukingoni angenieleza hilo kwa sentensi moja. Mimi sikuwepo, na Dereva, akiwa bado na aibu ya tembo, hakunibishia. Nilikuwa nimemfundisha vizuri mno kutojitetea. Hii ndiyo gharama ya ule mtego wa meza: jicho lake la hukumu liliamka, lakini kwa siku chache sauti yake ya kutetea picha inayostahili ilikufa. Ningerudia zoezi lile kesho, ila ningemwambia mwanzoni kwamba nimezigeuza baadhi. Naamini lingefanya kazi vilevile. Mtu akijua baadhi zimegeuzwa, bado hajui zipi.

Kwa nini lilifanya kazi? Watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha mwaka 1990 majaribio ambayo watu waligawiwa vikombe, wengine hawakupewa. Waliopewa, wakiwa navyo kwa muda mfupi tu, walitaka kuviuza kwa bei ya takriban mara mbili ya ile ambayo wasio navyo walikuwa tayari kulipa. Kikombe ni kilekile. Kama dakika chache za kumiliki kikombe usichokiomba zinafanya hivyo, fikiria siku tatu za Seronera kwa mayai ya kuchemsha. Kugeuza picha na kuiondoa rangi kulimnyang'anya Dereva umiliki kwa sekunde tano, na sekunde tano zilimtosha kumwona tembo asiye na macho.

Wiki tatu peke yake zisingetosha. Niliona hivyo kwa chui: alikuwa hajaitazama siku zaidi ya 20, na bado mkono wake uliitambua kabla ya macho. Muda ulipunguza joto la zile picha za kati, zile ambazo alizipenda kwa mazoea tu. Za moyoni hazikuguswa na muda. Zilihitaji kupewa mahali pa kukaa. Lundo la tatu lilikuwa wazo la papo hapo, halikuwa kwenye mpango wangu, na nikilitazama sasa naona ndilo lililofanya mengine yote yawezekane. Nilikuwa nimejiandaa kupambana na mapenzi yake hadi yashindwe. Badala yake yaliombwa yahamie chumba kingine, yakahama bila kelele.

Kura za simuni nimeshazisema. Naongeza tu kwamba fundi wa fremu, mtu mmoja, alitupa habari nyingi kuliko makundi mawili mazima, na si kwa kuwa ana elimu ya picha. Hakujua hadithi, hakuwa na sababu ya kumfurahisha mtu, na aliitazama picha katika ukubwa unaokaribia ule wa ukutani. "Kuna kitu kwenye mti?" ni uhakiki kamili.

Kuhusu fisi, mimi mwenyewe nilikuwa nimeingia nikidhani kazi yetu ni kupunguza mapenzi. Dharau sikuitarajia. Lakini ilikuwa imeshafanya mchujo wake kabla yangu, kimya kimya, kati ya picha 6,400 na zile 41, na katika hatua hiyo mimi sikuwepo kabisa. Sijui ni fisi wangapi wengine wamelala humo ndani. Tungeanzia kwenye 6,400 badala ya 41, tungechoka zaidi na pengine tungepata ukuta mzuri zaidi. Na kabla ya hata hilo, tungepiga simu lojini kuuliza rangi ya ukuta.

Ansel Adams, mpigapicha wa mandhari wa Marekani, aliwahi kusema picha 12 za maana kwa mwaka ni mavuno mazuri. Nilimwambia Dereva hilo wakati bado analalamika kwamba kutoka 41 hadi 12 ni mauaji. Akapiga hesabu ya miaka yake mitatu, akanyamaza, akaniambia basi amezidisha tano.

## Baadaye

Mwezi Septemba aliniletea kazi mpya: picha 30, zimeshakaa wiki sita, zina namba tu. Nilimuuliza ya saba ilipigwa wapi. Akasema nitazame kwanza.

Kabla ya hapo, mwezi Julai, alikuja kuchukua oda yake binafsi. Chui, sentimita 60 kwa 40, nukta 89 kwa inchi, fremu ya mninga. Nilimkumbusha itakavyotoka. Akasema anajua. Jumapili moja nilipita kwao kumsalimia, nikaikuta sebuleni juu ya runinga. Fokasi bado iko kwenye gome. Binti alileta chai, akaona naitazama.

"Shikamoo babu. Hiyo ni picha ya matokeo yangu," akasema.